Magia ya baiskeli ya Kichiwa

Likizo nilikuwa nyumbani Kichiwa, na baridi ya kule mnaijua wenyewe mliowahi kushuka Makambako usiku bila koti. Kilichonikalisha uani wiki mbili ni baiskeli: mauntini baiki ya mtumba iliyolala nyuma ya banda la kuku miaka sijui mingapi. Ringi zimeliwa na kutu, cheni imekakamaa kama fimbo. Mdogo wangu anaanza kidato cha kwanza mwakani, shule iko mbali, na hela ya bodaboda kila siku hakuna.

Baba mdogo akaja, akaizunguka, akatoa hukumu: "Ng'oa hayo magia yote, acha moja. Itadumu."

Nikaitikia, "Sawa baba, nitaangalia." Kumbishia usoni nani anaweza, kwi kwi kwi.

Na kwa kweli historia iko upande wake. Baiskeli zilizobeba nchi hii zilikuwa za gia moja: Raleigh za Nottingham, Phoenix za Shanghai, Swala za NABICO zetu wenyewe. Chuma kizito, karia pana, gunia la viazi nyuma, na fundi wa kijijini anaimaliza yote kwa spana mbili. Za gia zilifuata baadaye, biashara ilipolegezwa kuanzia miaka ya 80, nyingine zikiwa zimeshatumika huko zilikotoka. Spea hazikuja nazo. Kikivunjika kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni, fundi anakitupa, anafupisha cheni, mchezo umekwisha.

Usiku nikawa nasoma kwenye simu hizi baiskeli zilianzaje. Jamani! Zilianza uani kama pale kwangu. Miaka ya 70, kaunti ya Marin, California, vijana walikuwa wanaokota baiskeli kuukuu, hasa Schwinn za miaka ya 30 na 40, wanazifufua nyumbani na kuteremkia mlimani. Gia moja, breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Tarehe 21 Oktoba 1976 wakaanzisha mashindano ya kuteremka kama mita 400 ndani ya kilomita tatu na kidogo. Breki ilipata moto mpaka grisi inatoa moshi, ukifika chini unafungua unapaka nyingine. Ndiyo maana wakayaita Repack.

Kushuka raha, kupanda je? Walikuwa wanasukuma, au wanapakia kwenye gari. Lakini tayari 1974 vijana wa Cupertino walishatokea Marin na makuukuu yao yakiwa yamefungwa gia. Gary Fisher naye akafunga kwenye Schwinn yake. Joe Breeze akaunda fremu mpya kabisa 1977, na 1981 Stumpjumper ikaanza kutoka kiwandani Japani.

Yaani wenzetu walianza na gia moja, mlima ukawalazimisha kuongeza. Sisi wa Njombe, vilima kila upande, tunazing'oa! Pigeni hesabu. Meno 48 mbele na 20 nyuma, pedeli ikizunguka mara moja tairi linazunguka mara 2.4. Meno 28 kwa 28, moja kwa moja. Mtoto wa miaka kumi na nne mwenye begi la madaftari ataweza ipi mlimani?

Ila hoja ya spea ni ya kweli, siibishi. Kwa hiyo za mbele nikaziacha, cheni nikaikalisha kwenye duara dogo moja kwa moja. Za nyuma nikazipigania. Cheni ililala kwenye mafuta ya taa siku mbili, gololi na kebo nikafuata Makambako, kutu nikaila na msasa mpaka vidole vikachubuka.

Siku ya majaribio baba mdogo alisimama barabarani, mikono nyuma, mpaka dogo akapotea kwenye kona ya juu bila kushuka.

"Hiyo kebo," akaniuliza, "wanauza bei gani?"