Mgogoro wa kihamba: Baraza la kata halitoi tena hukumu, sasa linafanya nini?

Desemba ikifika, mabasi ya kwenda Moshi hujaa. Watu wanarudi Kibosho, Uru, Marangu na Machame kula sikukuu na familia. Lakini kwa baadhi yao, kikao cha ukoo kinakuwa na ajenda nzito: mpaka wa kihamba.

Kihamba ndipo nyumbani kwa Mchaga. Kuna migomba, kahawa na makaburi ya wazazi. Kimegawanywa kwa watoto kizazi baada ya kizazi, hivyo vingi leo ni vidogo sana. Ndiyo maana hatua mbili tu za ardhi zinaweza kuwafanya ndugu wasisalimiane, hata wasizikane.

Kabla ya serikali, kuna isale

Isale ni mmea unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba. Jani lake pia ni ishara ya kuomba msamaha. Aliyekosa akimpelekea mwenzake isale kupitia wazee, kulikataa ni jambo zito.

Wazee wa ukoo wakishindwa, hatua inayofuata ni Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, wakiwemo wanawake wasiopungua watatu. Kazi yake ni kusuluhisha tu. Asiyeridhika anakwenda baraza la kata.

Nini kilibadilika 2021?

Zamani baraza la kata lilisikiliza kesi za ardhi na kutoa uamuzi, mradi thamani ya eneo isizidi Sh3 milioni. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka hayo. Sasa linasuluhisha tu.

Kwa hiyo anayekwenda pale akitarajia mwenzake "afungwe" au aamriwe kubomoa uzio anakosea mlango. Wajumbe hawasemi nani kashinda. Wanawasaidia nyie wawili kukubaliana.

Usuluhishi unakwendaje?

Chukua mfano wa ndugu wawili wanaogombea mpaka. Kikao cha usuluhishi kinakuwa na wajumbe watatu, angalau mmoja akiwa mwanamke. Kila upande unaeleza bila kukatizwa. Kinachofaa ni kwenda kwenye eneo lenyewe, kuangalia masale yaliyobaki na kuwasikiliza majirani wanaopakana nao.

Mara nyingi tatizo halisi si ardhi. Inaweza kuwa njia ya kupitisha ng'ombe, mfereji wa maji, au maneno yaliyosemwa msibani. Likijulikana hilo, mpaka unakuwa rahisi kupimwa.

Misingi minne ya kuzingatia

- Hiari. Kupita barazani ni sharti la sheria, lakini kukubaliana si lazima.
- Kutopendelea. Mjumbe ambaye ni ndugu wa upande mmoja, au ana maslahi kwenye eneo hilo, anapaswa kukaa pembeni.
- Siri. Kwenye usuluhishi wa mahakamani, uliyoyasema ili kutafuta amani hayatumiki kama ushahidi kesi ikiendelea.
- Uamuzi ni wenu. Msuluhishi anaongoza mazungumzo, hatoi hukumu.

Mkikubaliana, andikeni. Elezeni mpaka unapoanzia na unapoishia, wekeni tarehe, sainini pamoja na mashahidi, na kila mmoja abaki na nakala. Makubaliano ya mdomo ndiyo yanayozaa kesi nyingine wazee wakishafariki.

Ikishindikana je?

Baraza la kata linatoa hati kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwasuluhisha. Bila hati hiyo, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri lako. Lakini siku 30 zikipita bila suluhu, unaruhusiwa kwenda wilayani hata bila hati. Kwa hiyo tunza kumbukumbu ya tarehe uliyofungua lalamiko.

Kama mwenye kihamba amefariki na mali haijagawanywa, njia ni tofauti. Anza na mahakama, ateuliwe msimamizi wa mirathi.

Amani isiwe ya kumnyamazisha mtu

Usuluhishi una hatari yake. Mjane au binti anaweza kuambiwa "tumalizane kifamilia", kumbe maana yake ni aachie ardhi. Huo si usuluhishi, ni shinikizo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi. Mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu kisheria.

Anayeona analazimishwa ana haki ya kusema hapana, asisaini, na aombe hati ya kwenda wilayani. Na kama karatasi imeletwa ikiwa tayari imeandikwa, aombe muda aisome na mtu anayemwamini kwanza.