Kumaliza Kipande

Babu yangu alitoka Songea kuja Tanga kukata mkonge. Mshahara wake haukuhesabiwa kwa mwezi wa kalenda, bali kwa kipande: kadi ya siku 30 za kazi, zilizotakiwa kutimia ndani ya siku 42. Hujamaliza kipande, hulipwi.

Wapo wanaoona kwamba siku 30 kati ya 42 ni muda wa kutosha. Hawajui siku moja ilivyopatikana. Mkataji aliingia shambani alfajiri, akakata majani, akaondoa miiba ya ncha, akafunga mizigo ya majani thelathini thelathini. Nyapara akapita akihesabu. Mzigo uliopungua aliukataa. Kazi ya siku isipotimia, karani hakutia alama kwenye kadi, hata kama mtu alishinda juani. Ukilala na homa siku tano, kipande kilisimama, zile 42 zikaendelea kwenda.

Ndiyo maana nabisha nikisikia kwamba kukalia mshahara ni tabia ya matajiri wa siku hizi. Kwenye mkonge ulikuwa ni utaratibu kamili, na kazi yake ilikuwa kumshika mtu asiondoke. Nani aache jasho la wiki nne mikononi mwa mzungu? Na aliyeacha akaondoka alikuwa mtoro: kwa Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1923, angeweza kutozwa faini au kufungwa.

Nguvu ya kubisha ilikuja na vyama. Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika liliundwa 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu, na kabla ya miaka hiyo ya 1950 kwisha migomo ilikuwa imefika kwenye mashamba ya mkonge.

Mimi leo ni katibu wa tawi la chama, hapa Korogwe. Juzi alikuja mlinzi mmoja: mshahara wa mwezi uliopita hajaupata, na wa mwezi huu unaelekea huko huko. Tajiri kamwambia, “Nionyeshe mkataba.” Hana, hakupewa.

“Mzee wangu,” nikamwambia, “wa kuonyesha ni yeye.” Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi, pamoja na malipo. Shauri likifunguliwa naye akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Zamani karani wa tajiri asipoandika, aliyeumia ni mkataji.

Tulijaza fomu ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nakala tukampelekea mwajiri. Hatua ya kwanza ni usuluhishi. Ukishindikana, shauri huenda kwenye uamuzi. Dai la mshahara lina siku 60 tangu mgogoro uanze, na wengi huzimaliza wakingojea “wiki ijayo.” Kwa hiyo kila anayekuja ofisini namwambia mambo mawili: andika zamu zako mwenyewe kwenye daftari, na ukiahidiwa mara ya pili, njoo tujaze fomu.