Mapatano na Mafarakano: Uamuzi wa Tabora wa Mwaka 1958 Ukitazamwa kutoka Mpanda

Makusudi ya makala haya ni kuchunguza jambo moja la historia ya Tanganyika ambalo hutajwa mara nyingi, lakini aghalabu hutajwa kwa sifa tu bila kupimwa. Jambo hilo ni uamuzi uliofanywa na mkutano mkuu wa chama cha TANU mjini Tabora katika mwezi wa Januari 1958, wa kukubali kuingia katika uchaguzi ambao masharti yake chama chenyewe kiliyaona kuwa ni ya dhuluma. Baadaye uamuzi huo ulipewa jina la Uamuzi wa Busara. Jina hilo ni hukumu iliyokwisha kutolewa, na mwanahistoria yampasa aulize hukumu hiyo ilisimama juu ya nini. Swali hilo lina uzito zaidi katika siku zetu, ambapo nchi nyingi, na Marekani ni mojawapo, zimegawanyika pande mbili zisizotaka kusikilizana, na neno la kupatana limekuwa kama neno la aibu.

Kwanza tutazame maneno yenyewe, kwa kuwa lugha yetu haina upungufu katika jambo hili. Tuna mapatano, suluhu, muafaka na maridhiano, na hayo si jambo moja. Mapatano ni neno la Kibantu, nalo latokana na kupata: wawili wakipatana, kila mmoja hupata kitu kutoka kwa mwenzake. Suluhu limetoka katika Kiarabu, na ndani yake mna maana ya kutengeneza kilichoharibika. Muafaka ni kule kuafikiana, yaani shauri la huyu kulingana na shauri la yule. Maridhiano ndiyo mazito kuliko yote, kwa sababu hudai ridhaa ya moyo. Watu waweza kupatana bila ya kuridhiana. Sokoni mnunuzi na mwuzaji hupatana bei kila siku, wala hapana amwitaye msaliti yule aliyepunguza shilingi mbili. Lakini katika siasa apunguzaye huitwa msaliti upesi sana. Sehemu kubwa ya ugomvi uliotokea Tabora ilitokana na tofauti hii: wengine walidhani wanaombwa maridhiano, na kumbe waliombwa mapatano tu.

Wilaya ya Mpanda, ambayo leo imo katika Mkoa wa Katavi, siku hizo ilikuwa sehemu ya Jimbo la Magharibi, na makao makuu ya jimbo hilo yalikuwa Tabora. Ilikuwa nchi ya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, yenye misitu mikubwa ya miombo, watu wachache, na asali nyingi. Serikali ya Kiingereza iliijali kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals; na kwa ajili ya madini hayo reli ya tawi ilijengwa kutoka Kaliua mpaka Mpanda, ikafunguliwa mwaka 1950. Kwa hiyo habari za siasa, kama vile barua na bidhaa, zilifika Mpanda kwa njia ya Tabora. Shauri lililokatwa Tabora lilikuwa shauri la Mpanda pia.

Sasa tutazame sheria iliyoleta ugomvi. Kwa mpango wa Gavana Edward Twining, wajumbe 30 wa Baraza la Kutunga Sheria walikuwa wachaguliwe katika majimbo 10 ya uchaguzi, watatu kwa kila jimbo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kila mpiga kura alilazimishwa kuwapigia wote watatu, na akimpigia mmoja peke yake kura yake ilikuwa bure. Hii ndiyo iliyoitwa kura tatu. Zaidi ya hayo, mpiga kura alitakiwa awe na mapato ya paundi 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe na elimu ya kiwango kilichowekwa, au awe na cheo kinachotambuliwa. Msomaji na amfikirie mkulima wa Inyonga au mrina asali wa Ukonongo. Angeuza mizinga mingapi apate shilingi 3,000? Waafrika walikuwa karibu milioni 9 katika nchi nzima, nao walipewa viti sawa na vya jamii mbili zilizokuwa ndogo mno kuliko wao, na hata viti hivyo wengi wao hawakuruhusiwa kuvipigia kura.

Si ajabu, basi, kwamba wajumbe wengi walikwenda Tabora wakiwa wamekwisha kuazimia kususia. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alikuwa amejiuzulu katika Baraza la Kutunga Sheria mwezi wa Desemba 1957, kwa kuwa aliona serikali haikubali kutoa lo lote. Waliotaka kususia walikuwa na hoja safi: mtu akiingia katika nyumba ya dhuluma kwa mlango wa dhuluma, atakuwa ameikubali nyumba. Nyerere alijibu kwamba TANU ikikaa nje, viti havitabaki vitupu. Vitajazwa na chama cha United Tanganyika Party, kilichoundwa mwaka 1956 kwa kutiwa moyo na Gavana, kisha serikali itauambia ulimwengu kwamba wananchi wamekwisha kusema. Baada ya siku za mabishano makali kura zikapigwa, na shauri la kuingia likashinda kwa kura 37 dhidi ya 23. Hesabu hiyo yafaa ikumbukwe. Karibu watu wawili katika kila watano hawakukubali, na kwa hiyo Uamuzi wa Busara haukuwa kauli moja hata kidogo.

Yaliyofuata yajulikana. Uchaguzi ulifanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na Jimbo la Magharibi lilikuwa katika awamu ya kwanza. Kura tatu, iliyokusudiwa kuwa pingu, iligeuka kuwa silaha. Maadamu kila Mwafrika alilazimika kumpigia Mwasia na Mzungu, TANU, ambayo wakati huo haikupokea wanachama wasio Waafrika, ilichagua Waasia na Wazungu wa kuungwa mkono, kama Bibi Sophia Mustafa, Bwana Amir Jamal na Bwana Derek Bryceson, nao wakashinda. United Tanganyika Party ikafifia mpaka ikafa. Gavana mpya, Sir Richard Turnbull, alitangaza katika Oktoba 1958 kwamba serikali ya baadaye itakuwa hasa ya Waafrika. Uchaguzi wa 1960 haukuwa na kura tatu. Kati ya viti 71, viti 50 vilikuwa wazi kwa watu wote, na TANU ikapata 70. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961.

Lakini historia isiandikwe kwa kumtazama mshindi tu. Bwana Zuberi Mtemvu alitoka TANU baada ya Tabora akaanzisha African National Congress, na mwaka 1962 alipogombea urais alipata kura kama elfu 21 hivi, ambapo Nyerere alipata zaidi ya milioni 1.1. Kushindwa kwake hakuonyeshi kwamba hoja yake ilikuwa upuuzi. Alishika jambo la kweli, kwamba yapo masharti ambayo kuyakubali ni kujidhalilisha. Na Nyerere mwenyewe alilijua hilo. Katika Oktoba 1961, wajumbe kadhaa wa Bunge walipotaka uraia utolewe kwa kufuata rangi ya ngozi, alikataa katakata, akawa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kuikubali sheria hiyo. Mtu aliyepatana Tabora juu ya njia ya uchaguzi hakukubali kupatana juu ya usawa wa binadamu. Hapa pana mpaka ambao yatupasa tuutafute vizuri.

Mpaka huo waonekana wazi zaidi tukitazama Marekani, nchi ambayo wataalamu wengi huisifu kwa mapatano. Mwaka 1787, mjini Philadelphia, dola kubwa na ndogo zilipatana: Baraza moja lifuate hesabu ya watu, na katika jingine, yaani Seneti, kila dola iwe na wajumbe wawili. Mapatano hayo yamedumu mpaka leo. Lakini katika mkutano uo huo walipatana pia kwamba watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu katika kugawa viti, nao watumwa hawakuulizwa. Mwaka 1820 walipatana juu ya Missouri, na mwaka 1850 walipatana tena, kila mara wakinunua amani kwa utumwa wa watu wengine. Amani hiyo ikavunjika mwaka 1861, na watu zaidi ya 600,000 wakafa katika vita. Kwa hiyo si kila mapatano ni busara. Yatupasa kuuliza gharama inalipwa na nani. Katika Tabora walioamua ndio waliobeba mzigo. Katika Missouri walioamua waliubebesha mgongo wa mtu asiyekuwapo.

Swali la pili ni kama mapatano yana mlango wa kutokea. Uamuzi wa Tabora ulikuwa wa uchaguzi mmoja, na TANU haikuacha kudai kura moja kwa mtu mmoja. Swali la tatu ni kama upande wa pili nao utajongea. Zanzibar yatufundisha hapo. Baada ya uchaguzi wa Juni 1961, ambao ulizaa machafuko na kuua watu 68, pande mbili hazikupata daraja, na Mapinduzi yakaja Januari 1964. Katika siku za vyama vingi, CCM na CUF walitia sahihi muafaka mwaka 1999, mambo yakaharibika hata damu ikamwagika Januari 2001, wakatia sahihi muafaka wa pili Oktoba 2001. Ni kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambamo watu 66 katika kila 100 walikubali serikali ya umoja wa kitaifa, iliyoyatia mapatano hayo ndani ya Katiba. Karatasi mbili za kwanza hazikutosha, kwa kuwa sahihi ziliwekwa na kujongea hakukuwapo.

Bara nako kulitokea jambo la kufanana. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipouliza wananchi mwaka 1991, takriban wanne katika kila watano walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ilishauri vyama vingi vikubaliwe, ili yule mmoja katika watano asikoseshwe haki yake, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Mpanda iliyaona matunda yake. Mwaka 2005 jimbo la Mpanda Kati lilimchagua Bwana Said Arfi wa CHADEMA, na jimbo jirani lilikuwa la Bwana Mizengo Pinda wa CCM, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 2008 mpaka 2015. Wapiga kura wao walitumia soko moja na reli moja.

Swali la Tabora limerudi tena. Mwaka 2025 CHADEMA ilisema kwamba bila mabadiliko ya sheria hapana uchaguzi, ikakataa kutia sahihi kanuni za maadili, na Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba haitashiriki. Kiongozi wake, Bwana Tundu Lissu, alikwisha kushitakiwa kwa uhaini. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba ukafanywa bila ya chama hicho, machafuko yakazuka, na watu wakauawa. Wako wasemao kwamba wapinzani wangefuata mfano wa 1958. Yafaa wakumbushwe kwamba mfano huo una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya Nyerere, aliyewaambia wenzake waingie. Nusu ya pili ni ya Turnbull, aliyekuwa na askari na sheria mkononi mwake, naye akajongea. Twaisifu nusu ya kwanza kila mwaka, na ya pili twaisahau.

Kwa hiyo busara ya Tabora haikuwa katika kukubali peke yake. Ilikuwa katika kukubali jambo lililoweza kugeuzwa, kwa gharama ya wenyewe waliokubali, mbele ya mtawala ambaye mwishowe alisogea. Pasipo hayo matatu, mwenye nguvu asimlaumu mnyonge kwa kukataa kupatana. Nayo yakiwapo, mnyonge asiogope kuitwa msaliti, kwa kuwa watu 37 waliitwa hivyo mjini Tabora, na miaka isiyotimia minne baadaye bendera ya Kiingereza ikashushwa.