Makubaliano Kabla ya Dadu: Historia ya Kupanga Kampeni katika Michezo ya Kuigiza Wahusika

Mchezo wa kuigiza wahusika mezani ni mchezo ambao kila mchezaji hushika nafasi ya mtu mmoja wa kubuni, hueleza kwa kinywa mtu huyo anafanya nini, na hutupa dadu pale ambapo matokeo ya tendo lake hayana uhakika, huku mmoja wao, aitwaye msimamizi wa mchezo, akiusimulia ulimwengu unaowazunguka, akisema kwa niaba ya wakazi wake wote na kuamua yale ambayo kanuni hazikuyatazamia. Vikao vinavyofuatana vya kundi moja, vyenye wahusika walewale na hadithi inayoendelea, huitwa kampeni, istilahi iliyorithiwa kutoka michezo ya vita, na nyuma ya kila kampeni kuna kazi ambayo waandishi wa historia ya mchezo huu huipita haraka, nayo ni ya kukubaliana nani atacheza, lini, kwa kanuni zipi, katika ulimwengu wa namna gani. Simulizi iliyozoeleka huifanya historia ya uchezaji wa mtandaoni kuwa historia ya mitambo, programu moja ikiipokeza nyingine kijiti. Lakini ikitazamwa kwa upande wa kupanga, kinachojitokeza ni kwamba umbali uliwalazimisha wachezaji kuyaandika makubaliano ambayo watu wa meza moja waliyaacha bila kusemwa, na kwamba shinikizo hilo ni kongwe kuliko intaneti.

Cheo cha msimamizi kilizaliwa katika jeshi la Prussia. Mwaka 1824 Luteni Georg Heinrich von Reisswitz, akiendeleza kazi iliyoanzishwa na baba yake, alitoa kanuni za Kriegsspiel, mchezo wa mafunzo ambao maofisa wa pande mbili waliongoza vikosi juu ya ramani, na kati yao akakaa mwamuzi aliyepokea amri zao, akatupa dadu, kisha akamwonyesha kila kamanda kile tu ambacho angeweza kukiona akiwa vitani. Majedwali ya kanuni hizo yaliwachosha wengi, hata mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akapendekeza yawekwe kando na maamuzi yaachwe mikononi mwa mwamuzi mwenye uzoefu. Huko Marekani, mwaka 1880, ofisa Charles Totten alichapisha Strategos, kitabu cha mchezo wa vita ambacho nacho kilimpa mwamuzi madaraka mapana, na ambacho kilikaa maktabani hadi kilipomfikia David Wesely, mpenzi wa michezo ya vita katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul.

Wesely ndiye aliyebuni Braunstein mwaka 1969, mchezo uliowekwa katika mji wa kubuni wa Ujerumani ya enzi za Napoleon, ambamo baadhi ya wachezaji hawakupewa vikosi bali walipewa nafasi za watu, kama meya na mwenye benki, kila mmoja na haja zake za siri. Mwenyewe aliona mchezo umemvurugikia, kwa kuwa wachezaji walikuwa wakinong'onezana pembeni na kufanya mambo ambayo hayakuwa na kanuni. Wachezaji, kwa upande wao, waliomba urudiwe. Mmoja wao, Dave Arneson, aliuhamishia mtindo huo katika ulimwengu wa majumba ya mawe, mazimwi na uchawi alioupa jina la Blackmoor mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwishoni mwa mwaka 1972 akaenda kuuonyesha kwa Gary Gygax mjini Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Yafaa ikumbukwe kwamba kanuni zilizotokana na ushirikiano huo ziliandikwa kwa kiasi kikubwa kwa barua na simu kati ya miji hiyo, maana waandishi wake wawili hawakuishi pamoja. Hivyo umbali ulikuwamo katika mchezo huu tangu tumboni.

Dungeons & Dragons, jina lililopewa kanuni hizo, ilichapishwa mwaka 1974 na kampuni ndogo ya TSR, vijitabu vitatu ndani ya kisanduku kimoja, nakala 1,000 za kwanza, kwa bei ya dola 10. Vijitabu hivyo vilimtaka mwamuzi achore ramani zisizopungua nusu dazeni za ngazi za chini ya ardhi na kuzijaza viumbe na hazina kabla ya mchezo kuanza, lakini kuhusu namna wachezaji watakavyokubaliana havikusema kitu cha maana. Vilieleza pia kwamba kampeni moja yaweza kubeba wachezaji kuanzia wanne hadi 50, na kwamba mwamuzi mmoja kwa wachezaji 20 ni uwiano unaofaa. Msimamizi wa leo, ambaye huona kundi la watu saba kuwa mzigo, angedhani hesabu hiyo ni mzaha, ila haikuwa mzaha: kampeni za wakati ule zilikuwa mlango wazi, aliyefika jioni ile ndiye aliyecheza, na ulimwengu uliendelea kuwapo hata kwa wasiofika. Ndiyo sababu Gygax, katika kitabu cha wasimamizi cha mwaka 1979, alisisitiza kwa ukali kwamba kumbukumbu za siku zitunzwe, kwa kuwa makundi tofauti yaliyoingia katika pango lilelile kwa nyakati tofauti yasingeelewana kama kalenda ya ulimwengu huo ingelegea.

Wakati huohuo, kulikuwa na watu waliokwisha kuzoea kucheza bila kuonana. Mchezo wa Diplomacy, uliotolewa na Allan Calhamer mwaka 1959, ulianza kuchezwa kwa posta mwaka 1963 kupitia jarida dogo la John Boardman, na humo mwamuzi alikusanya amri kwa tarehe ya mwisho iliyotangazwa, akazipatanisha, akachapisha matokeo, na kueleza mapema amri iliyochelewa itahesabiwaje. Mbali zaidi alikwenda Mwingereza Tony Bath, ambaye kampeni yake ya Hyboria, iliyoendelea kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1950, iliwafanya wachezaji watawala wa falme zilizoazimwa kutoka hadithi za Robert E. Howard, wakiandikiana barua za kibalozi, huku tabia za majemadari wao zikibainishwa kwa kuchota karata. Bath alichapisha mwaka 1973 kitabu kizima juu ya namna ya kuanzisha kampeni ya vita, na kwa maoni ya makala haya kitabu hicho kinastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa kwa kawaida, kwa sababu kinachukulia matayarisho kuwa sehemu ya mchezo na si kero ya kuvumiliwa kabla yake.

Kompyuta ilipofika, hatua zake za kwanza hazikuongeza kitu katika sanaa hiyo. Michezo iliyoandikwa kwa mfumo wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois kuanzia mwaka 1975, na MUD iliyoanzishwa na Roy Trubshaw katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978 na kuendelezwa na Richard Bartle, ilichukua mapango na hazina lakini ikaifanya mashine yenyewe kuwa mwamuzi, na mashine haijadiliani na mtu. Mabadiliko yalitokea pale mtandao ulipotumiwa kama njia ya watu kusemezana tu: kwa barua pepe, kwa mabaraza ya majadiliano, na kwa IRC, mfumo wa mazungumzo ya maandishi ya papo kwa papo ulioundwa na Jarkko Oikarinen nchini Finland mwaka 1988. Hapo ndipo maswali ambayo mezani hujibiwa kwa jicho yalipolazimika kupata majibu ya maandishi. Nani atatupa dadu, na wengine watajuaje kwamba hakudanganya? Wengi waliliachia jambo hilo kwa programu ndogo iliyotupa dadu mbele ya wote. Asiyejibu kwa siku kadhaa, mhusika wake aongozwe na nani? Pambano ambalo mezani humalizika kwa saa moja liliweza kuchukua majuma kwa barua pepe, na kundi lisiloweka kikomo cha kusubiri lilikufa kimyakimya.

Meza za mtandaoni, yaani programu zinazowaonyesha wachezaji wote ramani moja, vitambulisho vya wahusika na dadu, zilirudisha kasi ya kikao. Fantasy Grounds ilitoka mwaka 2004. Roll20 ilianzishwa mwaka 2012 na marafiki watatu waliowahi kuishi pamoja chuoni na kutaka kuendelea kucheza baada ya kutawanyika. Kasi iliporudi, ugumu ulihamia kwenye saa. Kundi lenye watu Marekani na Ulaya huweza kuafikiana juu ya jioni moja ya juma, kisha likajikuta limepishana kwa saa nzima kila mwezi Machi, kwa kuwa Marekani husogeza saa zake mbele majuma mawili au matatu kabla ya Ulaya, ilhali mchezaji aliyeko Nairobi au Dar es Salaam, ambako saa hazisogezwi kabisa, hulazimika kufuata mabadiliko ya wenzake yote mawili.

Jibu la kijasiri kuliko yote kwa tatizo la ratiba lilitolewa na Mmarekani Ben Robbins, aliyeieleza mwaka 2007 kampeni yake ya West Marches. Kampeni hiyo haikuwa na siku maalumu, wala kundi maalumu, wala kisa kilichopangwa. Wachezaji ndio waliotafutana kwa barua pepe, wakaamua lini wakutane na waelekee upande gani wa nyika, na msimamizi akatayarisha upande huo tu. Ulikuwa mlango wazi wa miaka ya 1970 uliorejeshwa kwa makusudi, isipokuwa kwamba mzigo wa kupanga, ambao zamani ulimwelemea mwamuzi peke yake, sasa ulibebwa na wachezaji.

Makubaliano yaliyobaki yalihusu maudhui ya hadithi. Ron Edwards, katika maandishi yake ya mwaka 2003, alitenganisha mistari, yaani mambo ambayo kundi limekubaliana yasiguswe kabisa, na mapazia, yaani mambo yanayoweza kutokea katika hadithi bila kusimuliwa kinaganaga. Katika muongo uliofuata John Stavropoulos alieneza matumizi ya kadi yenye alama ya X, ambayo mchezaji yeyote huigusa ili jambo linalomsumbua liondolewe bila kuulizwa sababu. Katika vikao vya mtandaoni, ambavyo mara nyingi huwakutanisha wageni walioitikia tangazo na ambao nyuso zao huenda zisionekane, msimamizi hana namna ya kumwona mchezaji akijikunyata kitini, na kwa hiyo kikao cha sifuri, yaani mkutano wa kukubaliana unaofanywa kabla ya kikao cha kwanza cha kucheza, kilienea kikawa desturi. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipoyahamishia makundi mengi mtandaoni, wachapishaji wa Dungeons & Dragons waliingiza sehemu kamili juu ya kikao hicho katika Tasha's Cauldron of Everything, na kitabu cha wasimamizi cha mwaka 2024 kikaongeza karatasi ya kujazwa, yenye nafasi za kuandika matarajio ya kundi pamoja na mambo ambayo wachezaji wanataka yaepukwe.