Ulengaji shabaha: Namna ya kuingia mashindanoni kwa bastola uliyo nayo

MTAA wa Silanga, ulio kando ya Bwawa la Nairobi katika eneo la Kibera, hauko mbali na Laini Saba, mtaa ambao jina lake lina uhusiano na mchezo huu. Wazee wa Kinubi husimulia kwamba jina hilo halikutokana na hesabu. Lilikuwa Laini Shabaha, yaani mahali ambapo askari wa King's African Rifles walifanyia mazoezi ya kulenga, kabla ya matamshi ya wakazi wapya kuligeuza. Ardhi ya Kibra yenyewe ilitangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi mwaka 1918, na askari hao wa Kinubi ndio waliokuwa wenyeji wake.

Leo milio ya mazoezi haisikiki tena huko. Mkazi wa Nairobi anayetaka kushindana kwa bastola huelekea Kirigiti, karibu na mji wa Kiambu, kwenye uwanja unaohusishwa na Chama cha Kitaifa cha Wamiliki wa Bunduki nchini. (Kirigiti nayo, kwa mujibu wa masimulizi ya huko, ni neno kriketi lililotamkwa Kikikuyu. Inaelekea michezo ya wakoloni iliacha majina kuliko viwanja.)

Swali la kwanza la anayeanza huwa ni silaha gani anunue. Mara nyingi jibu ni kwamba asinunue yoyote. Raia wengi walio na leseni nchini humiliki bastola moja ya kujilinda, na hiyo yatosha. Shirika la kimataifa la ulengaji wa bastola za kujihami, IDPA, lilianzishwa Marekani mwaka 1996 na watu walioona kuwa mashindano yaliyokuwapo yalikuwa yametekwa na silaha za bei ghali zilizotengenezwa kwa ajili ya mchezo tu. Kanuni zake zataka bastola ya kawaida, inayochomolewa kutoka ala ya kawaida, chini ya koti au kizibao. Shirika jingine, IPSC, lililoundwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, huruhusu kasi na vifaa zaidi, ingawa nalo lina daraja la bastola zisizofanyiwa marekebisho makubwa.

Kinachohitajika pamoja na bastola ni ala imara inayofunika kifyatuo na kukaa wazi baada ya silaha kuchomolewa, mshipi mgumu, magazini tatu, miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio. Ala laini ya kitambaa, ambayo wengi huipenda kwa sababu haiumizi kiuno, haifai: hujikunja, na mkono unaoirudisha bastola ndani yake waweza kusababisha ajali.

Shindano la IDPA hupimwa kwa muda. Mlengaji hupiga shabaha kadhaa za kadibodi, akisogea kutoka kizuizi hadi kizuizi, na duru moja haizidi risasi 18. Risasi ikitua katikati ya kifua au kichwani haiongezi kitu. Ikitua nje kidogo huongeza sekunde moja, mbali zaidi sekunde 3, na ikikosa kabisa sekunde 5. Kwa hiyo anayefyatua haraka huku akikosa hushindwa na mwenye utulivu. Kuna pia shabaha zinazowakilisha watu wasio na hatia, na anayezipiga huadhibiwa.

Hata hivyo, wanaoanza huondolewa uwanjani zaidi kwa sababu ya usalama kuliko kwa kukosa shabaha. Mtutu ukielekea nyuma walipo watu, au risasi ikitoka bila kukusudiwa, mshindani huondolewa siku hiyo hiyo, hata akiwa mtu mkubwa serikalini. Kidole hukaa nje ya kifyatuo wakati wa kutembea na wa kubadilisha magazini. Bastola haiguswi hadi afisa wa uwanja aamuru. Mgeni wa mchezo angefanya vyema kuhudhuria shindano moja bila kupiga hata risasi moja, asikilize amri hizo na aone wengine wanavyozitii.

Kisheria, kila jambo huanzia kwenye cheti kinachotolewa na Bodi ya Leseni za Silaha chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Mwombaji huchunguzwa tabia na afya ya akili, naye hueleza sababu ya kutaka silaha. Desemba 2018 serikali iliamuru wamiliki wote wakaguliwe upya, na baadaye vyeti vikawa kadi za kielektroniki. Cheti hutaja silaha yenyewe pamoja na kiasi cha risasi, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa shindano la siku moja laweza kumaliza risasi mia moja. Kumwazima rafiki asiye na cheti ni kosa. Bunduki kama AK-47 na G3 haziko katika mjadala huu hata kidogo, kwani kifungo chake kwa raia chaweza kuwa cha maisha.

Kwa mtu wa Silanga, kikwazo kigumu zaidi ni kitasa cha mlango. Mmiliki huwajibika kuhifadhi silaha mahali salama, na chumba cha mabati chenye futi kumi kwa kumi, kilichotenganishwa na jirani kwa ukuta wa udongo, hakiwezi kubeba sanduku la chuma lililofungwa ardhini ipasavyo. Asiyeweza kuhifadhi silaha afadhali asiiombe.

Bastola ya kujilinda haimfikishi mtu Olimpiki. Priscilla Mburu aliyeiwakilisha Kenya Rio de Janeiro mwaka 2016 alishindana kwa bunduki ya hewa, umbali wa mita 10. Michezo ya Jumuiya ya Madola nayo iliuacha ulengaji shabaha Birmingham mwaka 2022, na haukuwekwa katika ratiba ya Glasgow ya 2026.