Kizuizi Kilichopewa Jina la Kazi ya Mwingine

Mwishoni mwa karne ya 19 wanafiziolojia wa Ulaya walikwisha kutambua kwamba seramu, yaani maji yanayobaki damu ikishaganda, huzuia tripsini, kimeng'enya cha kongosho kinachovunja protini za chakula utumboni. Protini inayofanya kazi hiyo ilitengwa baadaye sana, na mwaka 1962 Schultze na wenzake huko Ujerumani wakaiita alfa-1-antitripsini, jina lililotokana na kipimo cha maabara tu, kwani makao ya tripsini ni utumbo, si mishipa ya damu.

Kazi yake halisi ilifichuliwa na watu walioikosa. Mwaka 1963, mjini Malmö, Sweden, Carl-Bertil Laurell alikuwa akichunguza karatasi za elektroforesisi, mbinu ya kutenganisha protini kwa nguvu ya umeme, alipoona kwamba baadhi ya sampuli hazikuwa na mstari wa alfa-1, pengo ambalo jicho lisilo makini lingelipita bila kulijali. Yeye na daktari kijana, Sten Eriksson, waliwafuatilia wenye sampuli hizo, na kati ya watano, watatu walikuwa na maradhi mazito ya mapafu. Ilikuja kueleweka kwamba seli nyeupe za damu hutoa elastasi, kimeng'enya ambacho, kisipozuiwa na protini hiyo inayotengenezwa hasa na ini, hula nyuzi zinazoyawezesha mapafu kutanuka na kunywea. Na moshi wa sigara huzidisha hasara, kwa kuwa huidhoofisha hata ile protini iliyopo.

Mwaka 1965 Olav Egeberg alieleza habari za familia moja ya Norway iliyosumbuliwa na damu kuganda mishipani kwa sababu ya upungufu wa antitrombini, kizuizi cha trombini, kimeng'enya kinachogandisha damu. Undugu wa vizuizi hivi viwili ulidhihirika kwa namna ya kusikitisha mwaka 1983, ilipoelezwa habari ya mvulana wa miaka 14 aliyefariki kwa kutokwa na damu: asidi amino moja tu ya antitripsini yake, ya 358, ilikuwa imebadilika kutoka methionini kuwa arginini, na mlinzi wa mapafu akageuka kuwa mzuiaji wa trombini.

Mwaka 1985 Carrell na Travis waliuita ukoo huu serpini, yaani vizuizi vya vimeng'enya vinavyotumia asidi amino iitwayo serini kukata protini. Hata jina hilo halikuwafaa wote, kwani ndani ya ukoo huo imo ovalbumini, protini kuu ya ute wa yai, isiyojulikana kuzuia kimeng'enya chochote.