Wapagazi wa Kilimanjaro katika Historia Yetu

Katika vitabu vingi vilivyoandikwa na wageni, historia ya kupanda mlima Kilimanjaro huanzia kileleni. Hutajwa tarehe, hutajwa jina la aliyefika juu kabisa, na habari huishia hapo. Lakini mlima haupandwi kwa kuanzia juu. Hupandwa kwa miguu kutoka migombani, kupita msituni na mbuga za juu, kambi hata kambi. Na hakuna kambi isiyo na watu walioifikishia hema, chakula na kuni. Katika insha hii twataka kuitazama historia hiyo kutoka chini, mahali mzigo unapotwikwa.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba mlima huu haukungoja mgeni aje auvumbue. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona Kibo tarehe 11 Mei 1848, alikuwa akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za bara. Alipouliza weupe ule juu ya mlima ni kitu gani, kiongozi wake aliutaja kwa neno moja tu: baridi. Huko London, mtaalamu wa jiografia W. D. Cooley alikana kwa miaka mingi kwamba theluji yaweza kudumu karibu na ikweta. Rebmann aliandika pia simulizi aliyoipata kwa wenyeji, kwamba mtawala mmoja wa Machame aliwahi kutuma watu wakaupeleleze weupe huo, na karibu wote wakafa. Basi ukali wa mlima ulikwisha kujulikana, tena kwa gharama ya roho za watu, kabla ya mabishano ya London.

Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, alijaribu kuupanda mwaka 1887, akazuiwa na barafu. Mwaka 1888 safari yake ilivunjwa na vita vya Abushiri; alikamatwa, akaachiliwa kwa fidia. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria, na msafara wa wapagazi kutoka pwani. Mangi Marealle wa Marangu akawapokea. Mara hii Meyer alibadili mpango. Aliweka kambi kwa ngazi: moja Marangu, nyingine juu ya msitu, na ya tatu kwenye kimo cha mita 4,300 hivi, chini ya Kibo. Wapagazi walipanda na kushuka kati ya kambi hizo wakipeleka chakula. Katika kambi ya juu alikaa Mwini Amani, mtu wa Pangani, akipika na kutafuta kuni na maji katika baridi ambayo mtu wa minazini hajapata kuionja. Tarehe 3 Oktoba wale wawili walikaribia ukingo wa kreta, wakarudi kwa uchovu. Siku tatu baadaye, tarehe 6 Oktoba, walifika kileleni. Na tupime sasa: kama huko chini kusingekuwa na moto wala chakula, je, tarehe 3 isingekuwa ndiyo mwisho wa safari?

Mpango ulikuwa wa Meyer, lakini kazi ilikuwa na wenyewe. Kwa miaka mingi kabla yake, Wanyamwezi, Waswahili na wengineo walikuwa wakichukua pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani. Walikuwa na kirangozi wa kutangulia, mnyapara wa kusimamia, na posho ya kupimwa. Twasema hata leo, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Wengine husikia dhihaka katika methali hiyo. Sisi twasikia ushahidi. Upagazi ulikuwa taaluma, na bila taaluma hiyo mgeni asingeuona hata mguu wa mlima.

Lakini mwenye kalamu ndiye aliyetoa majina. Meyer alikiita kilele kwa jina la Kaizari Wilhelm. Vibanda vilivyojengwa njiani baadaye vikaitwa kwa majina ya Bismarck na Peters. Huyo Carl Peters ndiye aliyewanyonga Waafrika wawili, mwanamume na mwanamke, katika kituo chake huko huko Kilimanjaro mwaka 1891 na 1892, hata serikali yake yenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897. Na bado wapagazi wetu walilazimika kulitaja jina lake kila walipotua mizigo! Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge kileleni, na kilele kikaitwa Uhuru. Baadaye vibanda navyo vikapewa majina ya Mandara na Horombo, watawala wa Kichagga. Hapo mlima ulianza kusema kwa kinywa chake.

Hata hivyo, kazi haijaisha. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, ambaye simulizi zamtaja kuwa kiongozi wa msafara wa 1889, alipewa heshima hadharani mwaka 1989, miaka 100 imekwisha kupita. Wenzake wengi hawakuipata hata hiyo. Na kazi yao yaendelea. Tangu hifadhi ilipofunguliwa mwaka 1977, wageni kwa maelfu hupanda kila mwaka: Mandara, mita 2,700; Horombo, 3,700; Kibo, 4,700; kisha kilele, mita 5,895. Nyuma ya kila mgeni wako watu kadhaa wenye mizigo vichwani. Kanuni zataka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, lakini kanuni isiyosimamiwa haimpunguzii mtu uzito. Wamo waliokufa kwa baridi kwa kukosa nguo na malazi ya kufaa, katika mlima ambao baridi yake ilijulikana tangu zama za Bwana Kheri.

Hatuna budi, basi, kuyakusanya majina ya wapagazi kutoka kwa wazee na jamaa zao kabla hayajasahauliwa, na kuwapa walio hai ujira na hifadhi inayolingana na kazi yao. Tulikwisha kumtoa Kaizari kileleni. Jina la Mwini Amani nalo lastahili mahali pake katika njia ile, hapo alipowasha moto.